Baiskeli Yangu Haiombi Neno la Siri

Mtu mzima akionekana juu ya baiskeli Dar es Salaam, mji mzima una maelezo mawili tu: ama gari lake liko gereji, ama daktari amemtisha. La tatu halipo. Kwamba mtu mwenye akili zake, mwenye kazi na mke, anaweza kuamka asubuhi akachukua baiskeli kwa kuwa anaipenda, hilo haliwaingii kabisa. Jirani yangu amenipa pole mara nyingi mpaka nimeacha kumuuliza pole ya nini. "Litapona tu, mzee mwenzangu," huniambia, akikusudia gari ambalo sijawahi kuwa nalo.

Mlinzi wa jengo ninalofanyia kazi naye ana lake. Magari yote huyapigia saluti, hata yale yanayoingia yakikohoa moshi. Nikifika mimi anauliza, "Mzigo wa nani huo, mzee?" Mzigo wenyewe ni mkoba wangu wenye wali na maharage. Nilipomweleza kwamba nafanya kazi ghorofa ya nne, alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akaniambia baiskeli niiache nje, maana maegesho ni ya vyombo vya moto. Tangu hapo inashinda juani, imefungwa kwenye nguzo ya taa, na ndani kivulini kuna gari bovu lililowekwa juu ya mawe ambalo hakuna anayekumbuka ni la nani.

Mimi ni mtoto wa Tanga, na nyumbani mambo hayako hivi. Tanga ni mji wa tambarare na watu wake hawana haraka za kijinga. Sheikh anapanda baiskeli, mwalimu anapanda, mama wa Makorora kajifunga khanga zake anarudi sokoni na kapu kwenye keria, na barabara za Ngamiani, zile zilizopewa namba badala ya majina, jioni zinalia kengele tupu. Huulizwi gari liko wapi. Mimi nikaja Dar kutafuta maisha, nikayakuta maisha yenyewe yamekaa kwenye foleni.

Huyo jirani anayenipa pole huondoka Kimara saa kumi na moja alfajiri ili aikimbie foleni. Anafika mjini kungali giza, anakilaza kiti cha gari, anakoroma hapo mpaka saa mbili. Yaani mtu kakopa benki, kanunua chumba cha kulala chenye magurudumu, na mke wake hayumo. Mimi huyo wa kuhurumiwa naamka kumekucha, nakunywa chai na mihogo, na nikifika Magomeni nawapita wote waliochelewa kuamka, mmoja mmoja, nikiwasalimia kwa kengele. Hawaitikii. Vioo wamepandisha.

Haki isemwe, Barabara ya Morogoro tulijengewa njia yetu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, pembeni mwa barabara ile iliachwa njia ya waenda kwa miguu na njia ya baiskeli, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Nilifurahi kana kwamba nimeipokea mimi. Sasa njoo Manzese jioni uitazame hiyo njia. Kuna meza ya chaja na vioo vya simu. Kuna mama na beseni la samaki wa kukaanga. Kuna viatu vya mtumba vimepangwa jozi kwa jozi, vimepakwa rangi mpaka vinakudanganya. Kuna vijana wa bodaboda wamejilaza juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria, miguu kwenye usukani. Na kuna gari la mkubwa fulani limewasha taa za hatari, kwa kuwa hapa kwetu taa hizo ni kibali cha kuegesha popote. Ukipiga kengele wanakugeukia wote kwa mshangao: baiskeli inatafuta nini kwenye njia ya baiskeli?

Simlaumu mama wa samaki. Anatafuta riziki, na samaki wake nimewala. Ninaowalaumu ni bodaboda, na hili ni jambo la kifamilia. Wale ni wajukuu zetu! Bodaboda wa mwanzo walikuwa watu wa baiskeli, pale Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, wakiwavusha watu na mizigo yao kwenye keria iliyotiwa mto. Leo mjukuu kapata injini, anamsukumia babu yake mtaroni na kumpigia kelele, "Mzee, kaa pembeni!" Pembeni wapi, mwanangu, na pembeni umelala wewe?

Lakini kero za barabarani nimezizoea. Zinazonimaliza siku hizi ni zile zinazoletwa nyumbani kwa mapenzi. Nina mpwa wangu, kijana wa kompyuta, ambaye ameamua kuniingiza katika karne hii nitake nisitake. Alikuja Jumapili moja, akaizunguka Phoenix yangu nyeusi ya Shanghai, yenye breki za vyuma na kengele ya kuamsha mtaa, akatikisa kichwa.

"Mjomba, hii haina data."

"Haina nini?"

"Data. Hivi ukiendesha, unajuaje umeendesha?"

"Najua kwa sababu nimefika."

Hakuridhika. Akanionyesha programu iitwayo Strava, ya Wamarekani, iliyoanza mwaka 2009. Kazi yake ni kuandika ulikopita na kwa mwendo gani, kisha kuwatangazia rafiki zako wakuonyeshe dole gumba. Nikamkumbusha habari yao. Mwaka 2017 wenye Strava walichora ramani ya dunia nzima, kila njia inayopitwa na wateja wao ikiwaka kwa mistari ya mwanga. Ikawa ramani ya kupendeza. Haikupita muda, Januari 2018, watu wakagundua kwamba huko Syria na Afghanistan, mahali ambapo pangepaswa kuwa na giza totoro, kuna viduara vinawaka. Kumbe ni askari wa Marekani wanafanya mazoezi ya kukimbia kuzunguka kambi zao, saa mkononi. Jeshi lenye ndege zisizoonekana kwenye rada, limeumbuliwa na saa ya mazoezi. Sasa mpwa wangu anataka nami niiweke, dunia ijue saa ngapi nilikata kona kwa mama wa chapati badala ya kurudi nyumbani. Mke wangu akaiunga mkono hoja hiyo haraka mno. Hapo hapo nikaikataa.

Siko peke yangu Dar, msidhani. Tuna kikundi cha waendesha baiskeli, na Jumamosi moja moja huenda Bagamoyo. Wenzangu wengi ni vijana, wamevaa nguo za kubana ambazo mama yangu asingezifumbia macho, na baiskeli zao zina thamani ya kiwanja Chanika. Huko ndiko nilikojua kwamba siku hizi kuna baiskeli inayochajiwa. Si ya injini, la. Unakanyaga mwenyewe na jasho linakutoka wewe, ila gia zinabadilishwa kwa umeme. Mavic wa Ufaransa walijaribu miaka ya 1990, zikawa zinasusa mvua ikinyesha. Shimano wa Japani wakatoa zao mwaka 2009, na hao walifanikiwa, ndiyo maana nimeteseka. Kwani siku moja, tumeshapita Bunju, kijana mmoja akaanza kubaki nyuma. Tukamngoja. Akaja anakanyaga kwa taabu, uso umemwiva, gia imeganda kwenye nzito kuliko zote. Usiku hakuchaji, umeme ulikatika. Nikawaza: huyu anaishi mji ambao feni huzimika katikati ya usingizi, akaenda kuikabidhi baiskeli, chombo pekee kilichokuwa salama, mikononi mwa nguzo za umeme. Alirudi mjini kwa bajaji, baiskeli ya thamani ya kiwanja imechomoza nje, tairi la mbele linawapungia wapita njia.

Hao hao ndio wanaohesabu gramu. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, tangu mwaka 2000 kinakataza baiskeli ya mashindano kupungua kilo 6.8, na vijana wetu, ambao hawashindani na mtu isipokuwa foleni ya Tegeta, wanahangaika kuikaribia namba hiyo. Phoenix yangu sijawahi kuipima. Ikikuangukia mguuni utakuwa na makadirio yako. Kuna mheshimiwa mmoja kikundini kaagiza kishikio cha chupa ya maji cha kaboni ili apunguze gramu kadhaa. Tumbo lake linafika mbele ya usukani. Angeacha chipsi mayai za saa nne usiku, hizo gramu angezipata bure na chenji ikabaki.

Mwaka 2025 mambo yakazidi. Septemba hiyo mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka bingwa wa mbio za barabarani za wanaume. Ghafla kijiweni kwetu kila mtu akawa mtaalamu wa milima ya Kigali, hata wale wanaoshika kiuno wakipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Wakanishauri ninunue baiskeli ya aina ya Pogačar. Nikawaambia nitaifuata nikishapata miguu ya aina ya Pogačar.

Juzi nilitaka kuangalia salio benki. Zamani ulikuwa unakwenda, unapanga foleni, dada wa dirishani anakwambia kwa sauti ya chini, unatoka kichwa chini. Siku hizi lazima uingie kwa simu. Simu ikataka neno la siri. Nikaliandika, ikasema ni dhaifu. Nikatia herufi kubwa, nikatia tarakimu, nikatia na kile kialama cha mkia wa ng'e. Ikasema linafanana na nililotumia zamani. Nikapata jingine, ambalo hata mimi silijui. Ikatuma namba kwenye simu ile ile niliyoishika, nami niisome niirudishie simu ile ile. Kisha ikasema nithibitishe kwamba mimi si roboti. Yaani mashine inanihoji mimi kama ni mtu.

Zikaja picha tisa: chagua zote zenye baiskeli. Moyo wangu ukatulia. Nikasema leo mtihani umetoka nilipodurusu. Nikachagua. Kulikuwa na picha moja yenye kipande cha tairi nyuma ya mti. Ile ni baiskeli, tena kwa unene wa tairi ni ya mlimani, nikaigusa. Kulikuwa na nyingine yenye chombo cha magurudumu mawili kilichofichwa injini chini ya kiti. Ile ni pikipiki inayojidai, nikaiacha. Mashine ikaniambia nimekosea, nijaribu tena. Mimi! Mtu niliyepelekwa kliniki nimekaa juu ya bomba la baiskeli, katikati ya mikono ya baba! Ikaniletea mtihani mwingine, wa mabomba ya zimamoto, vile vidude vinavyosimama kando ya barabara za Marekani na ambavyo mimi nimeviona kwenye sinema tu. Nikabahatisha vyote, nikafaulu. Kuhusu salio nililolikuta, sitasema mengi. Halikustahili ulinzi ule.

Ndipo nikakumbuka kwamba baiskeli yangu haijaniomba neno la siri hata siku moja. Mwizi naye haombwi, najua, lakini kwa ajili yake kuna kufuli. Na walinzi wa simu wasijigambe, kwani kwa minyororo yao yote hiyo bado kila wiki napata ujumbe wa yule bwana asiyechoka: ile hela tuma kwenye namba hii. Hela gani? Hajali. Dunia imepata setelaiti na akili za kubuni, tapeli wetu bado anatumia sentensi ile ile, na bado anapata wateja.

Sitaki hata kuanza habari ya lokesheni. Unaagiza kitu, kijana anakuomba umtumie lokesheni, unamtumia, ramani nzima na kidoti chake chekundu. Baada ya nusu saa anapiga: "Mzee, nimefika kwenye lokesheni, sasa uko wapi?" Unamwambia njoo mpaka kwenye mwembe, uliza kwa mangi. Anafika. Setelaiti zote zile, na kazi imefanywa na mangi.

Msinifanye mshamba, tafadhali. Baiskeli yenyewe ni teknolojia, tena iliyokamilika. Mwingereza John Kemp Starley alipoitoa Rover yake kule Coventry mwaka 1885, magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaovuta la nyuma, kazi ilikuwa imekwisha. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo, alilolibuni ili mwanawe asitikiswe kwenye kibaiskeli chake cha magurudumu matatu. Wengine wote waliofuata wameongeza nakshi. Mfufue Starley leo, mshushe Tanga, mpe Phoenix: atapanda aende zake Raskazone kuogelea bila kumuuliza mtu. Aliyebuni simu yako ya mwaka jana, mpe ya mwaka huu, ataulizia kitobo cha spika za masikio kimekwenda wapi.

Ugomvi wangu ni na vyombo vinavyougua kwa siri. Fundi wangu wa baiskeli yuko chini ya mwarobaini, ana beseni la maji machafu, pampu, spana chache, msasa, gundi na kopo la gololi. Ukimpelekea pancha anaitoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni na kuizungusha pole pole mpaka mapovu yatoke. Hapo ndipo palipotoboka. Yeye anapaona, wewe unapaona, na mtoto aliyesimama pembeni akinyonya muwa anapaona pia. Anapakwangua, anapaka gundi, anangoja ikauke huku akikupa habari za mtaa, anabandika kiraka, anakirudisha kwenye beseni ili ushuhudie. Unalipa kitu ulichokielewa. Simu yangu ilipozima, niliipeleka kwa fundi wa simu, kijana mstaarabu mwenye darubini ya kichwani. Akaichungulia akasema, "Bodi imekufa, shikamoo." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza imekufa kwa maradhi gani. Akasema bodi ndivyo zinavyokufa.

Nilimsimulia fundi wangu wa mwarobaini habari za Mskoti Graeme Obree. Mwaka 1993 bwana yule alivunja rekodi ya dunia ya kuendesha saa moja, akaenda kilomita 51.596, juu ya baiskeli aliyoijenga mwenyewe akitumia na beringi za mashine ya kufulia nguo. Nilidhani atashangaa. Hakuacha hata kukaza nati. Aliuliza tu ilikuwa mashine ya aina gani.

Na magari, ambayo ndiyo yanaheshimiwa? Gari la jirani yangu lilitoka Japani likiwa limetumika, na asubuhi akiliwasha, sauti nyororo ya mwanamke inamwambia jambo kwa Kijapani. Yeye huamini anasalimiwa, na kwa kuwa ana adabu, huitikia. Nikamuuliza mtu aliyesoma huko. Sauti ile inamwarifu kwamba hajachomeka kadi ya malipo ya barabara kuu. Miaka yote hii, kila alfajiri, hapo Kimara, gari linamdai kadi ya barabara za Japani naye analiambia ahsante sana. Lina kamera ya nyuma, lina vidude vinavyolia ukisogelea ukuta, lina kioo kinachojikunja chenyewe kwa aibu. Na pamoja na hayo yote, akiegesha hufungua mlango bila kugeuza shingo. Mlango ule umenikosa mara kadhaa kwa upana wa kidole, na kila mara aliyenitukana ni yeye.

Kwa hiyo wewe jirani, na wenzako wote mnaoegesha Magomeni mpaka Posta, endeleeni kunipa pole na mimi nitaendelea kuzipokea. Ninaloomba ni moja. Kabla hujafungua mlango, tazama kioo cha pembeni. Hakitaki chaji, hakitaki bando, na ushuru wake ulishaulipa bandarini.